Kontra fupi ao kazi ya kudumu? Tuhesabu mwaka muzima, si mwezi moja

Mu Lubumbashi, Likasi, Fungurume na Kolwezi kuko ulizo moja ambalo siku fulani linaingia katika kila nyumba yenye fundi, dereva, mulinzi ao mutu wa biro. Kampuni moja inamuita na kumuambia: "Kuja, tutakupa kontra ya miezi 6, feza ni ya muzuri." Pahali pengine wanamuambia: "Kwetu feza si mingi, lakini kazi ni ya kudumu." Mangaribi, kisha kula bukari, maneno yanaanza. Baba wa nyumba anahesabu dola. Mama anauliza: "Na kontra ikiisha, tutakula nini?" Yaya mukubwa aliyekuja kutembea anasema: "Kamata yenye kuja kwanza, kazi haingojake mutu." Wote watatu wako na sababu.

Sisi hatutaki kumuchagulia mutu kazi. Tunataka kuweka karatasi zote mbili juu ya meza na kuzihesabu vizuri, kwa sababu wengi wanahesabu nusu tu. Wanaangalia feza ya mwezi, hawaangalii mwaka. Na kuko jambo lingine ambalo watu wanalipita pembeni: kontra ambayo inakata kodi kwenye mushahara wako sawa vile mufanyakazi, lakini haikupi kitu kingine chochote ambacho mufanyakazi anapashwa kupata. Juu ya hiyo tutaongea sana.

Tulilelewa na kazi ya kudumu

Hapa kwetu Katanga neno "kazi" liko na historia yake. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni ilikuwa inakamata watu kwa miezi tu: wanatoka mbali, wanachimba, wanarudia kwao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha mupango. Iliona kama kumufundisha mutu mupya kila mara ni hasara, ikaanza kusainisha watu kwa miaka, ikawaambia walete wake zao, ikajenga kambi, dispansari na shule. Mwaka 1967 serikali ilikamata migodi, na kampuni ikaja kuitwa Gécamines. Mufanyakazi alikuwa na mushahara, lakini pia posho, mufuko wa bunga, nyumba, hospitali kwa muke na watoto, na shule. Wazee walikuwa wanasema kampuni njo baba, njo mama.

Kiisha baba huyo akagonjwa. Mwaka 1986 Gécamines ilitosha tani zaidi ya 470 000 za shaba. Mwezi wa tisa 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka, na miaka michache nyuma yake kampuni haikufikisha hata tani 50 000 kwa mwaka. Mushahara ukaanza kuchelewa, miezi juu ya miezi. Mwaka 2003, kwa feza ya Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka katika mupango ulioitwa "départs volontaires". Wengi walikuwa wamemaliza miaka makumi kwenye kazi hiyo. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu juu ya familia za wafanyakazi hao, kilichotoka mwaka 2001, na kichwa chake kinasema yote: Bana Shaba abandonnés par leur père.

Tunakumbusha hayo kwa sababu mutu akisema leo "mimi nataka kazi ya kudumu tu", ni hiyo kazi ya zamani anaiona mu kichwa. Lakini hata CDI inaweza kukaa mwaka muzima bila kulipwa kama kampuni imekufa. Kazi ya kudumu si baba, wala si mama. Ni karatasi yenye haki fulani ndani, na haki hizo unapashwa kuzijua.

Code minier ya mwaka 2002 ilifungulia kampuni za private mulango. Kazi ilirudi, lakini haikurudi na sura ya zamani. Leo fundi anavaa kofia yenye jina la mugodi mukubwa, lakini anayemulipa ni kampuni ingine ndogo, ya sous-traitance. Mwaka 2021 mashirika mawili, RAID ya Uingereza na CAJJ ya hapa kwetu, yalitosha ripoti juu ya migodi mikubwa 5 ya kobalti na shaba: zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa wanapitia kwa kampuni za namna hiyo. Sheria ya sous-traitance iko, ni ya tarehe 8/2/2017, na inataka kazi hizo zipewe kampuni za Wakongomani. Ni jambo la muzuri kwa mwenye kampuni. Lakini sheria hiyo inapanga biashara kati ya kampuni na kampuni. Haisemi hata pahali pamoja kama mufanyakazi wa kampuni ndogo si mufanyakazi.

Karatasi ni tatu, si mbili

Watu wanasema "contract" kama vile ni kitu kimoja. Kumbe mbele yako kunaweza kuwa karatasi tatu tofauti.

Ya kwanza ni CDI, kontra isiyo na tarehe ya mwisho. Njo tunayoita kazi ya kudumu. Patron hawezi kukutosha bila sababu ya kweli, na anapashwa kukupa preavi: siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 za kazi kwa kila mwaka muzima uliotumika. Mutu wa miaka 10 anahesabu hivi: 14 na 70, siku 84 za kazi. Wewe ukitaka kuondoka, preavi yako ni nusu ya hiyo. Akikutosha bila sababu, tribinali inaweza kumulipisha mpaka mishahara ya miezi 36.

Ya pili ni CDD, kontra yenye tarehe ya mwisho. Watu wanaizarau bure. Mwenye CDD ni mufanyakazi muzima: iko na CNSS, iko na konje, iko na matunzo ya hospitali, na mama mwenye mimba iko na wiki zake 14. Na patron akiivunja mbele ya tarehe bila kosa kubwa lako, anapashwa kukulipa miezi yote iliyobakia. Kasoro yake ni moja: tarehe ikifika, anakuambia "asante", na hana lazima ya kueleza sababu. Mama aliye na mimba ya miezi 7 anajua vizuri maana ya neno hilo.

Ya tatu njo yenye mitego. Wanaiita "prestation", ao wanakuandika "journalier", ao "occasionnel". Hakuna konje, hakuna hospitali, hakuna CNSS. Unafanya kazi saa sawasawa na wenzako wa CDI, pengine kuwashinda, na mwisho wa mwezi wanakulipa feza ambayo imekwisha kukatwa kodi. Ukiuliza wanakujibu: "Wewe si mufanyakazi wetu, wewe ni prestataire." Lakini kama si mufanyakazi, ile kodi waliyokata ni ya nini?

Kodi yenyewe inasema wewe ni nani

Kodi wanayokata kwenye mushahara inaitwa IPR, na maana yake ni kodi juu ya malipo ya kazi. Fundi mwenye kujitegemea kweli, mwenye atelie yake, namba yake ya kodi na faktire zake, hapashwi kukatwa IPR: analipa kodi ya faida ya biashara yake mwenyewe. Kama wanakukata IPR, mbele ya serikali wamekwisha kukutangaza kama mutu anayelipwa kwa kazi. Hawawezi kukuita mufanyakazi ku DGI na kukuita mufanyabiashara ku CNSS.

Tena, namna ya kukata haifanane. Kwa miaka mingi kanuni imekuwa hivi. Mufanyakazi wa kawaida anakatwa kwa ngazi: sehemu ya kwanza ya mushahara 3%, ngazi inayofuata 15%, kisha 30% na 40% kwa wenye mishahara mikubwa, na jumla haipite 30%. Anapunguziwa pia 2% ya kodi hiyo kwa kila mutu anayemulisha, muke na watoto, mpaka watu 9. Lakini yule aliyeandikwa "occasionnel" anakatwa 15% kwa franka ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kuhesabiwa watoto. Mutu wa mushahara mudogo mwenye watoto 6 anaumia zaidi kwa njia hiyo. Sheria ya feza inaweza kugusa tarakimu hizo mwaka kwa mwaka, kwa hiyo uulize ku DGI tarakimu za sasa. Kanuni njo ya kushika: neno lililoandikwa kwenye karatasi yako linabadilisha feza inayofika nyumbani.

Na neno hilo si patron peke yake anaweza kulichagua. Code du travail, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16/10/2002 iliyoguswa tena mwaka 2016, inasema kontra ya kazi ni pale mutu anafanya kazi chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine, kwa malipo. Haiulize kichwa cha karatasi kimeandikwa nini. Basi ujiulize: Nani anakupangia saa ya kuingia? Nani anakupa buti na kofia? Ukitaka kwenda kilio, unaomba nani ruhusa? Kama jibu ni "shefu", kazi yako ni kazi ya mufanyakazi, hata kama juu wameandika "prestation de services" na herufi kubwa.

Tukamate kalkulatrisi

Sasa tuhesabu. Tarakimu hizi ni mufano wetu tu; weka zako pahali pake.

Tuseme soudeur mumoja wa Kolwezi iko na muke na watoto 4. Kampuni ya sous-traitance inamuahidi dola 900 kwa mwezi, karatasi ya "prestation". Kampuni ingine inamupa CDI ya dola 700. Mara moja anaona tofauti ya 200, na macho yanangaa.

Kwa ile 900, wanakata 15%, ni dola 135. Inabaki 765 mukononi. Kwa ile 700, CNSS inakata 5%, ni 35, kisha IPR kwa ngazi. Tuseme vyote pamoja vinafika 120. Inabaki 580. Tofauti ya mwezi sasa ni 185. Bado ni feza, hatukatai.

Lakini kontra inaisha. Kati ya kontra na kontra kuko wiki za kungoja simu, kuko "rudi kesho", kuko mashini iliyosimama, kuko kampuni kubwa iliyobadilisha sous-traitant. Tuseme kwa mwaka anakaa miezi 2 bila kazi. Miezi 10 mara 765 ni dola 7 650. Mwenye CDI: miezi 12 mara 580 ni dola 6 960. Tofauti ya mwaka muzima ni 690. Haifiki hata 60 kwa mwezi.

Kama anakaa miezi 3 bila kazi: miezi 9 mara 765 ni 6 885. Mwenye 700 amekwisha kumupita mwenye 900.

Na hapo bado hatujahesabu hospitali. Mwenye CDI, mutoto akigonjwa, kampuni inapashwa kumutunza, muke naye vilevile. Mwenye prestation anatosha mu mufuko wake. Malaria mbili na mupasuo moja zinamaliza ile 690 mbele ya Noeli. Bado hatujahesabu konje ya kulipwa. Na bado hatujahesabu feza ya CNSS: juu ya 35 yake, patron anaongeza 35 kwa upande wa pension, ni dola 70 kila mwezi, 840 kwa mwaka, zinazoandikwa kwa jina la mufanyakazi. Patron analipa tena 6,5% kwa ajili ya familia na 1,5% kwa hatari za kazi. Soudeur anafanya kazi na moto. Siku karai ya chuma inamuangukia muguu, ile 1,5% njo inatofautisha mutu anayetunzwa na mutu anayelazwa nyumbani akingoja michango ya jamaa.

Kuko na bei ingine ambayo haiandikwe pahali. Mwenye nyumba anataka garantie ya miezi mingi. Banki inauliza kontra mbele ya kutoa mukopo. Mwenye karatasi ya miezi 3 anakwenda kwa "Banque Lambert" wa mu kartie, na sote tunajua namna riba ya pale inavyokula mutu.

Tukiweka yote pamoja, tunapata kipimo rahisi. Kama unajua kazi yako inakosekana miezi 3 kwa mwaka, basi feza ya kontra fupi, ile inayofika mukononi, inapashwa kupita ile ya kazi ya kudumu na theluthi moja, ili mulingane tu. Na hospitali bado iko juu yako. Chini ya hapo, wewe njo unamusaidia patron.

Miezi 180

Watu wa miaka 25 hawapendi kusikia neno pension. Tunaelewa. Lakini sikilizeni hesabu moja tu.

Kufuatana na sheria ya mwaka 2016 iliyopanga CNSS, ili mutu apate pension ya kila mwezi akiwa na miaka 60, anapashwa kuwa na miezi 180 iliyoandikwa, ni kusema miaka 15. Mutu akianza kazi na miaka 25, mpaka 60 iko na miaka 35. Unaona ni muda murefu, 180 itapatikana tu. Sasa chukua mutu wa kontra fupi, ambaye kwa kila mwaka patron mumoja ao mwingine anamutangaza miezi 5 tu, na ile ingine anafanya kama "prestataire". Miaka 35 mara 5 ni miezi 175. Amefanya kazi maisha yake yote, na amekosa pension kwa sababu ya miezi 5.

Kwa hiyo, ukikamata kontra fupi, namba yako ya CNSS ni moja kwa maisha. Usikubali kila kampuni ikutafutie namba mupya. Beba ile ya kwanza, uandikishe kwayo kila mara, na mara moja kwa mwaka upite ku biro ya CNSS uulize: "Miezi yangu mingapi imeandikwa?" Fishi ya mushahara inaweza kuonyesha wamekata 5%, na kumbe ku CNSS hakuna kitu kilichofika. Afazali kujua hilo kisha mwaka moja kuliko kisha miaka 20.

Pengine wewe ni wa kudumu bila kujua

Wengi hawajui hili. Sheria haiwaachi wakubwa wa kampuni wacheze na CDD namna wanavyotaka.

CDD haiwezi kupita miaka 2. Kwa mutu aliyeolewa ao aliyeoa, ambaye kazi inamutenga na familia yake, haiwezi kupita mwaka 1. Inarudiliwa mara moja tu, na mufanyakazi hawezi kusaini na kampuni ileile zaidi ya CDD mbili, isipokuwa kwa kazi za musimu, kazi ya kujenga kitu fulani chenye kujulikana na zingine zilizotajwa na serikali. Tena, kama kazi yenyewe ni ya kudumu mu kampuni, ni kusema iko kila siku, mwaka kwa mwaka, sheria inataka kontra ikuwe CDI tangu mwanzo. Mulinzi wa mulango wa mugodi, je, kazi yake iko na tarehe ya mwisho? Mulango utafungwa lini?

Na kwa mufanyakazi wa siku kwa siku: akiisha kufanya siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, wakimukamata tena mbele ya miezi hiyo 2 kuisha, sheria inamuhesabu kuwa wa CDI. Njo maana kampuni zingine zinaachisha watu siku ya 20 ao 21 na kuwaambia wapumuzike. Haikuwa huruma ile.

Jambo lingine: kontra inapashwa kuandikwa. Kama hakuna karatasi, sheria inakuhesabu wa kudumu mpaka patron aonyeshe kinyume. Kwa hiyo yule anayelia "mimi hata kontra sina" anaweza kuwa na nguvu kuliko yule aliyesaini karatasi mbaya bila kusoma.

Tunasema hivi bila kudanganya mutu: haki iliyoandikwa si feza mu mufuko. Anayesimama peke yake mbele ya shefu na Code mukononi anaweza kuambiwa kesho asirudie. Lakini watu 12 wa ekipi moja, pamoja na delege wa sindika, wakiwa na kopi za fishi za mushahara na orodha ya siku walizofanya, hao wanasikilizwa. Njia ya sheria inaanza kwa Inspecteur du Travail, ambaye anajaribu kupatanisha. Kama haikuwezekana, Tribunal du Travail. Na usingoje: kwa kudai mushahara, sheria inatoa mwaka moja tu.

Nani anaweza kukamata kontra fupi?

Hatusemi kontra fupi ni mubaya kwa kila mutu. Kijana asiye na watoto, aliyetoka kumaliza INPP, anaweza kujifunza kwa miezi 8 ya chantier kubwa kuliko kwa miaka 3 ya kukaa mu biro ndogo. Fundi mwenye ufundi wa pekee, ambaye simu yake haikauke, anaweza kuuza kazi yake bei ya juu na kukaa miezi 2 akijenga lupango yake. Mama ambaye mume wake iko na CDI yenye hospitali anaweza kukamata kontra fupi bila kuogopa, kwa sababu muguu moja wa nyumba umesimama tayari. Na kama kampuni yenye kutoa CDI haijalipa watu wake tangu miezi 5, basi CDI yake ni jina tu. Fundi anayekimbilia kontra ya kulipwa kweli si mujinga.

Mwenye watoto wanne, nyumba ya kulipia na mugonjwa mu familia, huyo ahesabu mara mbili. Tofauti ya dola 185 ni tamu mwezi wa kwanza. Mwezi wa saba, simu ikinyamaza, ndipo anaanza kuuza vyombo.

Mbele ya kusaini

Usisainie ku barabara, juu ya gari ya shefu. Omba karatasi, uende nayo nyumbani, uisome na mutu anayejua Kifaransa vizuri kama wewe hukijui. Kisha uulize maulizo haya, pole na heshima, "Shefu, samahani, naomba kuelewa tu":

Kontra hii ni CDI, CDD ao prestation? Tarehe ya mwanzo na ya mwisho ni gani?

Feza mulioniambia, ni mbele ya kodi ao kisha kodi? IPR munanikata kwa ngazi, na watoto wangu wamehesabiwa, ao munanikata 15% kama occasionnel?

CNSS munanitangaza? Namba yangu njo hii.

Mutoto wangu akigonjwa, ninakwenda hospitali gani?

Kipindi cha kujaribiwa ni cha muda gani? Sheria inasema haipite mwezi 1 kwa manevri asiye na ufundi, na miezi 6 kwa wengine.

Kontra ikiisha, mutanipa attestation de fin de service? Hiyo ni haki yako, na njo itakayokufungulia kazi ya kesho.

Shefu mwenye kampuni ya kweli anajibu maulizo hayo kwa dakika 10. Yule anayekasirika, naye amekwisha kukujibu.

Kisha weka kila kitu mu sanduku moja: kontra, fishi za mushahara, jeton za siku, mesaji za shefu kwenye simu, karatasi ya CNSS. Fishi yenye kuonyesha IPR usiitupe hata kama imechafuka na mafuta. Siku wakikuambia "hukuwa mufanyakazi wetu", njo itakuwa ya kwanza kuwekwa juu ya meza ya Inspecteur.